Picha ya ku Plage

Kadutu, siku ya Mungu

Déo, mudogo wangu,

Picha zako za Durban zilifika. Nilikuona ku plage na barafiki, maji ya bahari inakufika ku magoti, unacheka. Maman alipenda sana ile. Kila asubui aliniomba nimuonyeshe: "Angalia, ameanza kunenepa."

Uliniuliza sababu gani ku picha ya famille sisi wote tumenyoa vichwa. Nilikudanganya eti ni joto, na baridi ya Bukavu unaijua. Tulinyoa siku ya kumaliza matanga. Maman alikufa mwezi uliopita. Yeye mwenyewe alitukataza kukuambia, juu hauna karatasi: ukikuja kuzika, kule Durban hawatakuacha uingie tena.

Ku telefone nilishindwa kuyasema.

Nyoa na wewe, Déo. Kisha urudi ku plage, utume picha ingine. Nitaiangalia peke yangu.

Dada yako,
Gisèle