Kilima cha Mama Mkwe

Mwanangu mpimaji, kipenzi changu,

Sisi wazima. Ramani uliyonitumia nimeibandika dukani kwa fundi cherehani, kila mteja aione kazi ya mtoto niliyemzaa mimi. Nimewasomea na barua yako: kisiwa unachokipima hakina jina, mtu wala maji ya kunywa, na waliochimba mbolea ya kinyesi cha ndege walihama zamani.

Lakini kile kilima, mwanangu, ndiyo umekipa jina la mama mkwe wako? Kwani yeye ndiye aliyekufundisha kuhesabu?

Fundi akanicheka. "Mkwe kapewa kilima. Haya bibie, wewe uko wapi?"

Nikamjibu, "Mimi ndiye kisiwa chenyewe. Jina linakuja."

Usiniumbue, baba. Liandike kabla ramani haijachapwa.

Mama yako wa kukuzaa