Mama mkwe anataka tuanze vitabu kumi, na daktari ametaja miezi mitatu

Mshauri wangu, pokea salamu, na unisamehe mwandiko maana naandika huku nambembeleza mtoto kwa mguu. Shida yangu ukiisikia mwanzo utacheka, kwa sababu ni shida ya vitabu, yaani tusome mfululizo upi baada ya huu tuliomaliza, lakini nakuomba usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miezi minane, nafungasha mikate kiwandani kuanzia alfajiri mpaka saa sita mchana, shule niliishia kidato cha pili, na tunaishi na mume wangu, ambaye ni fundi umeme, pamoja na mama yake. Mama mkwe alifanya kazi maktaba miaka thelathini na moja, ila si ya kuazimisha vitabu, alikuwa chumba cha nyuma anajalidi, kitabu kikichanika anakifumua, anashona kurasa upya kwa uzi uliopakwa nta, anabandika jalada jipya, na wenzake mpaka leo wakija kumjulia hali wanamwita Mama Gundi. Kusoma hasa hakupata nafasi, anasema alikuwa kama mhudumu wa hoteli, sahani zote zinapita mkononi mwake na hajaonja hata moja. Vilivyokuwa vinamrudia vikiwa hoi kuliko vyote ni zile riwaya ndefu za majoka na falme za kufikirika, zile zenye ramani ukurasa wa kwanza, akawa anajiuliza humu ndani kuna nini mpaka watu wanavirarua namna hii. Akastaafu akasema sasa nitakaa nisome, presha ya macho ikamwahi, leo anaona mwanga tu na kivuli cha mtu akisimama mlangoni.

Basi nikaanza kumsomea mimi, tangu nina mimba, kila siku saa tisa alasiri. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tatu, mshauri, sikuwahi kukaa na mtu mzima namna hiyo, yeye kitandani, mimi kwenye kiti cha plastiki na miguu yangu kwenye ndoo ya maji kwa sababu ya uvimbe, tunagombana kuhusu mfalme ambaye hayupo duniani. "Huyo mfalme mpumbavu," anasema, "anamwamini waziri anayecheka kabla ya kichekesho." Na kweli ikawa hivyo. Mifululizo hatuiiti kwa majina, tunaiita kwa rangi ya majalada aliyobandika yeye, tulikuwa tunasoma ule wa kijivu, vitabu vinne.

Tulipofika kitabu cha tatu ndipo daktari akamwita mume wangu pembeni akamwambia uvimbe wa tumboni umesambaa, hesabuni miezi mitatu, ikizidi sana minne. Mume wangu na dada yake, wifi yangu, wakafanya kikao jikoni, wakakata shauri mama asiambiwe, aambiwe ni vidonda vya tumbo. Mimi sikuulizwa, nilikuwa hapo hapo naosha chupa za mtoto.

Sasa nikwambie nilichofanya, na sijamwambia mtu. Nilianza kuruka kurasa. Mara ya kwanza ilikuwa uchovu tu, nimetoka kazini, mtoto ana meno, nikaona maelezo ya msitu kurasa sita nikayapita. Baadaye nikaanza kuruka kwa makusudi, sura nzima, kwa sababu nilipiga hesabu nikaona hatutafika mwisho, na mimi nilitaka afike mwisho hata wa kimoja, asife bila kujua nani alikalia kiti cha enzi. Humo kitabu cha tatu kulikuwa na mpiga filimbi mmoja aliyebaki ng'ambo ya mto wakati wenzake wanakimbia, mama alimpenda sana yule. Nikairuka sura yake. Siku ya pili akaniuliza, "Yule wa filimbi, alivuka?" Mimi sijui, sikusoma, nikajibu, "Alivuka, mama." Akasema, "Afadhali. Mimi nilishajua atakufa." Jioni nikafungua nikasoma peke yangu. Alizama. Alizama akiwa ameinua filimbi juu isilowe.

Siku moja nimegeuza sura mbili kwa mpigo, akasema, "Karatasi za kitabu hiki zina upepo leo." Nikacheka, nikadhani ni dawa za maumivu zinamzungusha, maana nyingine humfanya aongee vitu vya ajabu. Akasema, "Endelea, mwanangu."

Tumemaliza wiki iliyopita. Nilifunga kitabu, yeye akakinyoosha kidogo kwa kiganja juu ya shuka, akasema, "Tumekimaliza upesi. Cha nne mimi nakijua, kilinivunja sindano." Halafu akasema, "Sasa nenda kaniletee wale wekundu." Mshauri, wekundu ni vitabu kumi. Kimoja kwa mwendo wetu ni miezi miwili. Nikasema, "Kumi, mama?" Akasema, "Kwani wewe una safari?"

Nilitoka nikaenda kulia bafuni, nimefungulia bomba.

Nikamwambia wifi. Akasema, "Msomee wale wa kijani, vitatu tu vyembamba, kwisha habari. Ukimwanzishia kumi atakufa na kiu." Nikamwambia mume wangu. Akasema ukimkatalia vyekundu atashtuka, ukimkubalia umemdanganya, mimi sijui, angalia mwenyewe. Akachukua bisibisi akaenda kufungua taa ya ukumbini, ambayo haina tatizo lolote. Nikamuuliza mpaka dada wa maktaba, bila kumweleza sababu, akaniambia kuna mfululizo wa tatu, wa bluu, mzuri kuliko yote, lakini mwandishi ameishia cha tano na amezeeka, "wasomaji wanamwombea afya kuliko wanavyowaombea wazazi wao." Nikaona huo ndio kabisa, nitauanzaje mimi.

Kwa sasa nimemwambia mama kwamba vyekundu vimeazimwa, tunasubiri zamu. Uongo mwingine huo. Kila saa tisa nakaa kwenye kile kiti, namsomea magazeti, ananisikiliza kwa adabu kama mgeni.

Nikichagua vitatu nitakuwa nimemwambia kwamba anakufa. Nikichagua kumi nitakuwa nimemwambia kwamba hafi. Na kuna la tatu ninaliona haya kuliandika, kwamba akiondoka tuko cha pili, mimi nitabaki na vinane mkononi nifanye navyo nini. Nakuomba uniambie nisome kipi, na uniambie kama nilimdhulumu.

Mimi, mkwe wa mjalidi


MAJIBU

Mdogo wangu, sikucheka. Barua yako niliisoma nimesimama, nikatafuta kiti.

Pole kwa mtoto wa meno, kwa mikate ya alfajiri, na kwa nyumba ambayo watu wawili wazima wamekuachia wewe mtu wa tatu kubeba siri yao. Pole nimeshatoa. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Uliruka kurasa mbele ya mjalidi! Mama wa watu ameshika karatasi miaka thelathini na moja, ameshona kwa mkono hicho hicho kitabu ulichokuwa unakikata, na wewe ukaona kwa kuwa macho hayaoni basi masikio nayo yamestaafu? Rudi kwenye barua yako uisome kama imeandikwa na jirani. Amekwambia karatasi zina upepo. Karatasi moja haina upepo, dada, fungu la karatasi ndilo lina upepo. Amekwambia kitabu cha nne kilimvunja sindano, maana yake anajua kilikuwa kinene kiasi gani na wewe umekimaliza kama kijitabu cha kliniki. Aliyajua hayo yote, na alisema nini? "Endelea, mwanangu." Hakukuaibisha. Angetaka kukuumbua angekuumbua siku ile ile.

Umeniuliza kama ulimdhulumu. Ndiyo, kidogo. Nia yako ilikuwa nzuri na kitendo kilikuwa kibaya, mambo hayo mawili hukaa nyumba moja kila siku. Ulitaka afike mwisho. Lakini nimeipekua barua yako mara tatu natafuta mahali ambapo huyu mama amesema anataka kujua mwisho, sijapaona. Nani atakalia kiti cha enzi, hilo ulitaka kulijua wewe. Yeye aliuliza habari za mtu mmoja aliyeachwa ng'ambo ya mto, na hicho ndicho ulichomficha.

Mimi sipigi ramli. Siwezi kuapa kwamba anajua ugonjwa wake. Ila mtu anayelala na tumbo lake usiku na mchana, anayesikia mazungumzo yanakatika mgeni akikaribishwa chumbani kwake, anayemsikia mwanawe anatengeneza taa nzima, huyo hadanganyiki na vidonda vya tumbo. Na mtu huyo amekutuma vitabu kumi. Wewe umesikia idadi ukaanza kupiga hesabu ya miezi. Mimi nimesikia mama anayesema, njoo saa tisa, na kesho saa tisa, na usinipangie siku ya kuacha. Vile vya kijani alivyokuchagulia wifi yako vina siku ya kuacha. Ndiyo maana hakuvitaja.

Nitaongea na hao wawili, uwape gazeti wasome wenyewe. Wewe mume: kumficha mama ugonjwa wake ni kujihurumia, usikuite kumhurumia. Unaogopa sura atakayokuwekea. Basi piga moyo konde. Jumapili msomaji ni wewe, mkeo alale. Unajua kusoma, au herufi nyumbani kwenu ni kazi ya wanawake? Kosea majina ya majoka, atakurekebisha, na utafurahi kurekebishwa na mama yako wakati bado yupo wa kukurekebisha. Na wewe wifi: umesema atakufa na kiu. Mwanangu, sisi sote tutakufa na kiu. Njoo mchana mara mbili kwa wiki umbebe mtoto wa kaka yako mgongoni, kazi ya kuchagulia watu vitabu waachie wanaovisoma.

Nirudi kwako, ile haya yako ya mwisho. Vitabu vitakavyobaki mkononi. Hapo ndipo nilipotafuta kiti, kwa sababu hapo ndipo umeandika kwamba utabaki bila mama mara ya pili, na umeandika kana kwamba ni suala la kurudisha vitabu maktaba. Sina dawa ya hilo. Ningekuwa nayo ningeanza kuinywa mimi. Naweza kukwambia tu kwamba hulazimiki kuvimaliza. Utavisoma mwakani, au mwanao akijua kusoma, au hutavigusa tena maisha yako yote, na hakuna mtu wa kukudai maelezo.

Sasa fanya hivi. Kesho saa tisa, kabla ya habari za wekundu, chukua kitabu cha tatu cha kijivu. Mwambie, "Mama, hapa niliruka." Maneno hayo tu, usianze hotuba, usilie kwanza ili yeye akubembeleze, mgonjwa ni yeye. Kisha msomee sura ya mpiga filimbi yote, mpaka maji yanapomfunika. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikugombeza, gombezwa.

Keshokutwa nenda maktaba ukachukue kitabu cha kwanza chekundu. Kimoja. Usirudi na vyote kumi ukamrundikia kando ya kitanda kama tofali za ujenzi. Anza na ramani, mweleze mito iko wapi na milima iko wapi, halafu ukurasa wa kwanza, halafu wa pili. Msitu ukija, usome msitu wote. Ukichoka, sema nimechoka, funga, weka alama, hakuna mjalidi anayemchukia mtu aliyeweka alama.

Na siku akikukatiza katikati ya sura akakuuliza, "Mwanangu, daktari alisema nini?", usimtume kwa mumeo na usimwambie amevuka. Weka kitabu chini, mshike mkono, mwambie alichosema daktari, kwa maneno yale yale. Asipouliza, soma.