Mumi Wawili wa Kidimbwi cha Babu

Malava, Kakamega
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo, wewe na Mama. Mguu wako unaendeleaje? Mama aliandika kwamba daktari bado hajaitoa plasta, na kwamba simu ya kifo cha Babu ilipofika hapo Mombasa ulilia kwa sababu hata kushuka kitandani hukuweza. Mimi ni mzima wa mwili. Baba Mdogo Wafula na watu wa boma ni wazima pia. Babu tulimzika Jumanne karibu na Nyanya, na mvua ilingoja mpaka tukamaliza.

Habari za mazishi Baba Mdogo atakuandikia. Mimi nina jambo langu. Nilianza kuliandika kwa Kiingereza, nikaona ninajificha ndani ya maneno ya shuleni, nikairarua karatasi.

Kidimbwi cha Babu, kilichochimbwa baada ya ninyi kunileta huku kusoma, unakijua kwa barua tu. Alikichimba na Mzee Makokha, jirani wa ng'ambo ya kijito, kiangazi kizima, wazee wawili na majembe yao, wakitukanana kutwa. Makokha anasema, "Chimba, wewe! Siku hizi ni Uhuru, hakuna wa kukuchimbia." Babu anamjibu, "Nyamaza. Wewe unaparuanga tu kama kuku."

Ikabaki kuchagua samaki. Babu alitaka mumi, yule kambare mwenye ndevu, kwa kuwa hana miiba mingi na Babu alikuwa amebakiwa na meno manne. Makokha alitaka ngege, wale wa magamba, kama watu wengine. Walibishana wiki mbili. Mwishowe Bwana Samaki, ofisa wa samaki wa Kakamega mjini, akatuma neno kwamba yeye anatoa ngege tu. Babu akakubali, lakini alipokuwa akila aliniambia, "Basi nitakufa sijaonja mumi wa kwangu mwenyewe." Alikuwa anatania, na mimi kutaniwa sikujui. Kesho yake nilishuka kijitoni na kapu, nikapata mumi wawili, urefu wa kiganja changu, nikawatia kidimbwini bila kumwambia mtu. Nilitaka siku moja awaone ashangae.

Wiki hiyo hiyo Bwana Samaki akaja na debe la vifaranga vya ngege. Kabla ya kumimina akauliza, "Mzee, humu hamna samaki mwingine? Hasa mumi. Mumi mmoja tu atakumalizia hawa wote." Babu akasema hamna, na ndivyo alivyojua. Kisha Bwana Samaki akanigeukia mimi niliyevaa sare ya shule, akaniuliza tena kwa Kiingereza, na watu wote wakanyamaza wanisikie nikijibu. Baba, unanijua. Nilitikisa kichwa kwamba hamna. Watu wakacheka, "Kiingereza kimemwishia!" na debe likamiminwa.

Miezi ikapita. Kila asubuhi Babu alitupa makombo ya ugali. Mwanzoni maji yalijaa vinywa vidogo, baadaye yakatulia. Makokha alikuwa akinywesha ng'ombe wake pale. Jumapili moja, nje ya kanisa, Babu akamwita mbele ya watu, "Makokha, ngege wangu ni watamu?"

Makokha akadhani ni mzaha wao. "Ngege gani? Wewe unafuganga vyura."

Babu hakucheka. Alimwita mwizi, mara mbili, kwa sauti. Makokha akageuka, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, nimeshika Biblia ya Babu.

Kifua kilipomshika Babu, alisema hataki kuona hata kivuli cha Makokha. Lakini kila nikimpelekea uji aliniuliza, "Ng'ombe wa yule mtu amepita?" Nikisema hajapita, anageukia ukutani. Sijui ni mara ngapi nilifungua kinywa, kisha nikasema tu, "Babu, uji unapoa."

Siku ya mazishi Baba Mdogo aliamuru maji ya kidimbwi yatolewe ili wageni wapate kitoweo. Wakaonekana mumi wawili, wanene kama mkono wa mwanamume, na ngege hata mmoja hakuna. Nikasikia watu wakisema, "Makokha aliwatia kwa wivu." Baba Mdogo akaapa kulileta jambo hilo siku ya kunyoa nywele, wazee wanapoketi na kila neno lililobaki kati ya watu na marehemu linasemwa. Alitaka Makokha atoe ndama.

Makokha hakuwa amekuja mazishini. Siku iliyofuata nilienda kwake, nikamwambia yote nikitazama miguu yangu.

"Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi, Babu."

"Ungesema akiwa hai, ningeenda kumwona. Ni kijito tu hiki cha kuvuka." Akajifuta uso. "Sasa funga mdomo. Ukisema, watakuita msichana aliyemuua babu yake. Mimi nimezeeka, acha niitwe mwizi."

Nilirudi nimepewa ruhusa ya kunyamaza, na sijawahi kubeba kitu kizito hivyo.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kunyoa. Baba Mdogo alipoanza, "Kuna jambo la samaki," nilisimama. Shangazi alinivuta gauni nikae. Nikasema kwa Kiswahili, maana Kiluhya changu bado ni cha kubabaisha: "Mumi niliwaweka mimi. Niliulizwa nikakataa. Mzee Makokha hakuchukua kitu." Baba Mdogo aliniangalia kama hanijui, akasema, "Kaa chini." Hajanisemesha tangu hapo.

Mwenye wembe akawanyoa watoto wa marehemu, kisha ndugu, kisha sisi wajukuu. Tulipokwisha, Mzee Makokha, aliyekuwa nyuma kabisa, akaja mbele, akavua kofia, akaketi kwenye kigoda.

Mtu akamwambia, "Hapa wananyolewa watu wa marehemu."

Akasema, "Sikumzika. Ninyoe."

Akanyolewa, na mvi zake zikaanguka juu ya nywele zetu.

Baba, aliyekufa ni baba yako. Sikuombi uniambie kwamba si kitu. Naomba unijibu wewe mwenyewe, kwa mkono wako, usimwachie Mama aandike maneno laini.

Mpe Mama salamu zangu, na mdogo wangu Petro, na yule jirani yetu fundi cherehani aliyenishonea sare. Sina zaidi ninaloweza kuandika leo.

Ni mimi, binti yako aliyekosa,
Rosa