Vidole vya Kuchuna Chai Baharini

Dada Chelagat,

Hujambo hapo Boito? Huku Diani hata kivuli kina joto. Leo mimi na mume wangu Kibet tulizamia, mitungi ya hewa mgongoni, kutazama meli iliyozama. Kutu tupu! Kwetu lori la majani chai likianguka mtaroni, nani huvaa miwani kwenda kulistaajabia? Kando ya meli palikuwa na matumbawe laini kama machipukizi, na vidole vyangu vikachuna kabla sijafikiri. Tulipoibuka, mwalimu wetu wa kuzamia alifoka: "Mama, hicho ni kiumbe hai! Kesho hushuki."

Kesho ndiyo siku ya kuingia ndani ya meli, na Kibet amewaahidi wazee wa kanisa picha. Sasa shujaa hashuki bila mimi, eti ananihurumia! Wakiulizia picha, atasingizia vidole vyangu. Wewe waambie ni magoti yake, yanagongana kwa woga.

Mungu akutunze, pamoja na ng'ombe wangu.

Chepkoech