Nakaa na Wagonjwa

Nyumba ya Wagonjwa,
Mgodi wa Mwabalugu,
Njia ya Geita.
14 Agosti 1952.

Mpendwa kaka Theonest,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kidole chako kimepona ile miiba ya mkonge, na wifi Serafina amejifungua salama. Mama huko Runzewe hajambo, ni magoti tu yanayomsumbua. Mimi ni mzima wa mwili.

Uliniuliza kama nimeandikwa kazi. Sikuandikwa. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kwanza nikasirike, nikuandikie nikiwa na hasira, maana hasira zangu unazijua. Hazikuja.

Mwezi wa sita ofisi ilitangaza kwamba sote wa nyumba hii tutaandikwa upya. Atakayeandikwa na kazi yake atapata mshahara wa mwezi, likizo na chumba, kama madresa. Nilifurahi kama mjinga. Huu ni mwaka wangu wa saba humu. Wanaoletwa kwetu ni wanaume waliovunjwa na mawe huko chini. Dresa hufunga kidonda akaenda zake. Kulisha, kuogesha, kuondoa choo, kumgeuza mtu asiyeweza kujigeuza ili mgongo wake usioze, hayo yote ni mimi. Hao madresa wapya wenyewe ni mimi niliyewafundisha kugeuza, na wana vyeti.

Karani wetu, Bartholomeo, ni mtu wa Bukoba. Aliniuliza nafanya nini humu. Nikamjibu kama tunavyosema nyumbani: nakaa na wagonjwa. Kwetu ukisema hivyo ni kuwatunza, nani atauliza tena? Yeye akaandika "anakaa". Akauliza, nakaa na nani hasa? Nikadhani anataka kujua ni mgonjwa gani anayenipa kazi kubwa kuliko wote. Nikamtaja Maganga, yule wa Nzega aliyevunjika uti wa mgongo, ambaye hajawahi kufikiwa na mtu wa kwao. Akaandika: ndugu wa Maganga.

Mwisho wa mwezi sikuitwa dirishani kupokea mshahara pamoja na wenzangu. Niliitwa baadaye, nikapewa unga wa ndugu wa mgonjwa.

Nilikwenda kueleza. Bartholomeo si mtu mbaya, alishika kichwa. Lakini daftari lilikwisha kutiwa sahihi na Bwana Mkubwa, na tena katika orodha yao ya kazi kuna dresa, mpishi, mlinzi na mfagiaji. Yangu haina jina. Akasema ataniombea nafasi ya mfagiaji. Nikakataa. Anayefagia ni Ignas, na anafagia vizuri. Nikilikubali neno hilo, miaka yangu yote humu itakuwa ya ufagio. Usinigombeze, kaka, najua wewe ungekubali.

Jumatatu Maganga alifariki, asubuhi, nikimnywesha uji. Alikataa kijiko cha tatu, basi. Nilimfumba macho, nikamwosha, kisha nikaenda kuwalisha wale wengine kumi na mmoja kwa sababu uji ulikuwa unapoa. Sikulia. Miaka minne nimembeba mtu yule, nami sikulia. Nimekufa ganzi, kaka. Tangu siku ile hata chumvi kwenye mboga siisikii.

Mgonjwa akifa, ndugu yake hupewa siku saba aondoke. Ndiyo amri yao, na ndugu ni mimi. Kwa hiyo Jumatatu ijayo naondoka kwenda kwa mama. Ukimwandikia, usimtajie haya, nitamwambia nimepewa likizo. Hao kumi na mmoja sijui nani atawageuza. Ignas ameniomba nimwonyeshe, nami nimemwonyesha. Mikono yake ina nguvu ila ana haraka.

Nisalimie wifi Serafina, umwambie asibebe maji mapema baada ya uzazi. Nisalimie mwanao Donatus, na kama mtoto mpya ni wa kike, mama anataka aitwe Mbuke.

Lipo moja nililotaka kukuachia mwishoni. Jana niliitwa ofisini kutia sahihi ya kupokea blanketi la marehemu. Karatasi ile ina mstari wa jina la ndugu, na chini yake mstari wa kazi ya ndugu. Bartholomeo alikuwa na watu wengi, akanisogezea kalamu nijaze mwenyewe, kwa kuwa najua kuandika. Nikaandika: muuguzi. Akaipiga muhuri bila kusoma, akaiweka kwenye faili la walioondoka.

Mungu awatunze nyote huko mliko, awape afya na usingizi mwema.

Mdogo wako akupendaye,
Melania binti Masele