Sakafu ya Nguruwe Niliyoing'arisha

Mpendwa Mshauri Kija,

Naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa mwandiko, mkono huu umezoea mwiko kuliko kalamu. Mimi ni fundi ujenzi wa hapa Mkolani, miaka hamsini na mbili, kitambi kinanitangulia mlangoni, na nina aibu ambayo sijamwambia mtu.

Mama mkwe wangu anaishi Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Aliamua kuachana na kibanda cha mabanzi afuge nguruwe kisasa, bwana mifugo akamchorea ramani nzuri, kuta fupi hewa ipite, paa la kuvuna maji ya mvua, mteremko wa kupeleka uchafu kwenye mtambo wa biogesi apate moto wa kupikia, na chini kaandika kabisa, sakafu iachwe na mikwaruzo, na mimi nilisoma, Mshauri, nilisoma vizuri, lakini nikajiuliza watu watasema nini wakiona mkwe kamwachia mama sakafu ya kuparuza, basi nikapiga niru, nikasugua saruji mpaka ukiinama unaona meno yako, mama akapiga vigelegele, majirani wakaja kushangaa, nami nikatembea kama bwana harusi.

Wiki ya tatu nguruwe jike mwenye mimba akateleza, nyonga ikavunjika, ikabidi achinjwe na watoto wake tumboni. Lawama ikamwangukia Paskazia, mjane mwenye watoto watatu anayewahudumia nguruwe wa mama, eti kampiga mnyama kwa fimbo. Siku ya kumlaumu nilikuwepo, nimekaa upande wa pili wa ua nimegeuza uso, kama sisi Wasukuma tunavyofanya mbele ya mama mkwe, na maneno yetu yanapitia kwa mke wangu Sabina.

"Mama, sijamgusa. Aliteleza mwenyewe," Paskazia akasema.

"Ateleze kwenye sakafu ya mkwe wangu? Sakafu ambayo hata askofu angeilalia bila godoro! Sabina, hebu muulize mumeo, sakafu ina kasoro?"

Nami nikajibu, "Mwambie mama saruji ilikuwa mpya kabisa."

Baadaye nikaingia bandani peke yangu kukagua, nikateleza, nikakaa chini puu, suruali ya Jumapili ikalowa mkojo wa nguruwe, kumbe Paskazia yuko mlangoni, wala hakucheka, alininyooshea mkono akaniinua, akasema, "Pole, baba," akaenda zake kuchota maji. Ameambiwa aondoke mwisho wa mwezi huu. Jike wa pili naye ana mimba, atazaa mwezi ujao juu ya sakafu ileile. Nikisema, nimejivunjia heshima mbele ya mama mkwe na jina la ufundi limekwisha. Nikinyamaza, ule mkono hauniachi. Nifanyeje?

Fundi Mwenye Aibu, Mkolani

*

Fundi wangu,

Pole kwa kuanguka. Pole moja inatosha, maana Paskazia ameshakupa ya kwake na hukuistahili.

Nimesoma barua yako nikacheka, kisha nikakasirika. Hukukosea kipimo. Ulisoma maelekezo ukayapuuza ili usifiwe. Nguruwe hana haja ya kujiona meno, anataka mahali ambapo kwato zitashika. Hilo ni kosa la kazi, na kosa la kazi lina dawa. La pili ndilo zito: umeulizwa habari ya sakafu ukajibu habari ya saruji, na mwanamke mwenye watoto watatu anafungashwa virago ili wewe uendelee kuitwa fundi.

Usijifiche nyuma ya mila. Heshima ya ukwe inakukataza kumkodolea mama macho. Haikukatazi kusema kweli. Mbona wakati wa vigelegele masikio yako yalikuwa wazi?

Jumamosi hii nenda na Sabina. Siku hizi daraja lipo, sitaki kusikia foleni ya kivuko. Kaa upande wako wa ua, geuza uso kama desturi, lakini Paskazia awepo, na majirani waliokuja kushangaa nao waitwe. Sema mwenyewe, kwa sauti: "Nguruwe aliteleza kwa sababu yangu. Ramani ilisema sakafu iwe na mikwaruzo, mimi nikaing'arisha. Paskazia hakumgusa." Ukishasema, nyamaza. Usiongeze "lakini". Mama akifoka, afoke mpaka achoke. Asipofoka itakuuma zaidi, vumilia.

Kisha vua shati la kanisani. Kabla hujagonga nyundo, jike mwenye mimba ahamishiwe kwenye zizi la muda lenye nyasi kavu. Chukua tindo, chonga mistari ya kukatana sakafu nzima bila kuharibu ule mteremko, na bwana mifugo aje aone.

Jina lako? Sengerema watakusema msimu mzima, na watakuwa na haki.

Ukimaliza, usijikague mwenyewe. Mwagia sakafu maji, umwombe Paskazia apite na ndoo kichwani. Akivuka bila kutazama miguu yake, kusanya vifaa urudi Mkolani. Akiangalia chini hata mara moja, shika tindo tena.

Kija