Enid Garbutt, Aliyeahidi Kuwarudisha Wafu wa Askelby

Mwaka umezunguka tangu utuache, Enid, na buti zako za kuchimbia bado ziko mlangoni, udongo wa Askelby umekaukia kwenye soli. Clement, mumeo, hataki zisafishwe. Binti yako Rosalind alijaribu, akafukuzwa, yeye na brashi yake.

Ulikuwa mdogo wangu, na ulikuwa msomi, daktari wa mambo ya kale. Mimi niliacha shule nikaenda kulisha nguruwe wa watu, vitabu nikavisoma mwenyewe jikoni, nikibishana navyo kwa sauti. Hukunicheka kwa hilo. Ulinicheka kwa mengine mengi. "Kaka Wilf, una domo kama gunia lililopasuka," ulisema nikirudi kutoka mkutano wa wafanyakazi wa mashamba, na huku unanipashia supu.

Ule uwanja wa majani wenye matuta, nje ya kijiji chetu, sote tuliteleza humo kwa mbao siku za theluji bila kujua tunateleza juu ya nyumba za watu. Wewe ndiye uliyerudi ukapiga magoti na mwiko wa kuchimbia mkononi, kiangazi baada ya kiangazi, mpaka barabara yao ikaonekana, na kanisa, na vyumba walivyolala. Baani wote walisema Askelby, kijiji hicho cha kale, kiliuawa na tauni.

"Tauni haing'oi milango," ulimjibu mwenye baa.

Ulikuwa umeona. Nguzo zilikuwa zimetolewa kwa uangalifu, miimo ya milango imechukuliwa, meko yamefagiwa. Hata vigae vya vyungu vilikuwa vya miaka mingi baada ya tauni. Watu wale walikuwa hai, wazima, siku walipoambiwa watoke ili mwenye ardhi afuge kondoo. Wakazibeba nyumba zao mbao kwa mbao. Lakini walifagia kwanza! Hilo la kufagia lilinitoa machozi, na mimi silii ovyo. Karne tano zimepita na yule bwana sijamsamehe.

Ulipofika makaburini, kando ya kanisa, ulianza kuwaamkia. "Mmeamkaje, majirani?" Mvua ikinyesha, koti lako lilikuwa juu yao, wewe unalowa huku unakula mkate wako wa jibini na kitunguu cha siki. Ulituonyesha yule mama ambaye meno yake yalilika kwa mchanga wa mawe ya kusagia, na mtoto wake mchanga amelala kwenye kiwiko chake. Ukawaahidi, tukiwa tumesimama pale, kwamba chuo kikuu chako kitawachunguza, kisha utawarudisha.

Chuo hakikuwarudisha. Mara bado wanachunguzwa, mara kuna mkuu mpya, mara kamati haijakaa. Watu wa namna hiyo nimewajua maisha yangu yote: kuchukua ni siku moja, kurudisha ni maneno. Kilichokuuma zaidi ni ghala lao. Mifupa waliipanga kwa ukubwa, watu wazima chumba hiki, watoto chumba kile. Kila ulipokwenda ulilibeba sanduku la yule mchanga ukaliweka ubavuni mwa mama yake.

"Daktari, umemhamisha tena?" aliuliza Percy, mtunza ghala.

"Nimemhamisha."

"Nami nitamrudisha, unajua. Ndiyo kazi inayonilisha."

"Mrudishe tu, Percy. Mimi nitakuja tena Jumatano. Tutazeeka hivi hivi, wewe na mimi."

Ulitusimulia hayo ukicheka. Ila siku moja ulikaa jikoni kwangu mpaka chai ikapoa. "Kaka, yule bwana aliwafukuza wakiwa hai," ulisema. "Mimi nimewafukuza wakiwa wafu." Nikatafuta la kukujibu, mimi na domo langu lote, nikakosa.

Ndiyo maana uliponiambia hospitalini, "Sasa wapelekee hilo domo," niliwapelekea. Majira yote ya baridi nilisimama na bango langoni pa chuo. Clement alinishikia mwavuli, yeye anayeona haya hata kumwita mhudumu mgahawani. Mwishowe kamati ikatuita ndani. Mmoja wao akauliza kwa sauti ya upole, "Lakini mzee, hawa hawana ndugu wa kuwadai, sivyo?"

Nilivuta pumzi. Rosalind akaniwahi. "Hawana kwa sababu walitimuliwa. Na nyinyi mnataka kufaidi hilo pia?"

Ungemsikia, Enid! Kabla hatujatoka, kamati ilitia sahihi wafu warudishwe.

Wiki iliyopita walirudi. Mkulima Lund aliwaondoa kondoo wake uwanjani tangu alfajiri, bila kuombwa. Kasisi alisali. Mimi nilihutubia, na nilisema yote, hata kasisi akatazama saa. Ungekuwepo ungenivuta koti. Percy alikuja mwenyewe na gari, amevaa tai. Masanduku mengine alituachia tuyashushe. Moja alilikumbatia, hakumpa mtu, mpaka ukingoni mwa kaburi.

"Mzee Wilf," akaniambia, "siku niliposikia amefariki, niliwaweka wote wawili humu. Mama na mtoto. Sikuwatenganisha tena. Nilitamani Daktari ajue."

Basi ujue, mdogo wangu. Wamelala kama ulivyowakuta.

Unakumbukwa na mumeo Clement, binti yako Rosalind, wajukuu zako Maud na Barnaby, majirani zako wote, walio juu ya ardhi na walio chini yake, na mimi kaka yako, Wilf. Nani atakusahau, Enid, na sisi tupo?